Shangazi Yetu, Mfinyanzi wa Bondeni

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia naomba mtusikilize hapa hapa nyumbani, maana huko tunakompeleka Shangazi tumeambiwa hotuba hazitakiwi.

Shangazi alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kule bondeni, binti wa mkulima na mfinyanzi, akaanza shule mwaka 1959 na kuishia darasa la nne, si kwa kukosa akili bali kwa kushindwa kukaa, mwalimu akigeukia ubao yeye yuko dirishani, ndipo wenzake wakambandika jina la Bi Hatulii. Mama yake alimfundisha kufinyanga, na vyungu vyake vilitafutwa na wachuuzi wa mjini hata kabla havijapoa.

Tarehe 12 Desemba 1970 aliolewa na seremala, mtu mpole aliyependa kusema kwamba ameoa upepo, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia mbele ya haki, naye seremala akafariki Agosti 2004, akazikwa bondeni pembeni ya shamba lao la mahindi.

Mwaka 2009 walikuja wageni wa kampuni ya kulima maua ya kuuza ng'ambo, wakiongozana na ofisa wa ardhi, wakafunga turubai, wakatugawia soda, wakatueleza kwamba bonde ni ardhi tupu na wameshakodishiwa kwa miaka tisini na tisa. Shangazi akasimama, akauliza, "Tupu vipi, baba, na mume wangu yumo humo?" Watu wakacheka, ofisa naye akacheka, akamwambia, "Keti, mama, maoni yenu yatazingatiwa," lakini hakuketi, alitoka na soda yake mkononi.

Uzio ulipopita, udongo wa kufinyangia ukabaki ndani, kisima kikabaki ndani, na sisi tukaanza kuingia kwa kitambulisho kupalilia maua katika mashamba yaliyokuwa yetu, huku mwanawe wa kwanza akiajiriwa mlinzi wa lango. Shangazi hakulala tena usingizi wa kueleweka, alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akapita chini ya waya kufuata udongo, hadi asubuhi moja mwanawe akamkuta na ndoo imejaa.

"Mama, rudi, watanifukuza kazi," akamwambia.

"Na mimi nilifukuzwa kazi gani, mwanangu, si hii?" akamjibu, akajitwisha ndoo yake, na kijana akageukia upande mwingine mpaka alipopita.

Yeye na kina mama wenzake walifungua kesi, ikawa leo hakimu yuko likizo, kesho faili halionekani, wakarudi kwa miguu wakibishana njia nzima, na mwezi uliofuata wakaenda tena.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, kisha kiharusi kikachukua mkono wa kulia, akaendelea kufinyanga kwa wa kushoto, vyungu vikitoka kombo naye akivitukana. Alifariki tarehe 14 Juni 2023 katika hospitali ya wilaya, kesi ikiwa haijaamuliwa, baada ya kuagiza alazwe kando ya seremala wake.

Tuliomba ruhusa kwa kampuni, na jana mwanawe alituletea jibu, waingie watu sita tu. Alipomaliza kulisema alivua koti la ulinzi, akalikunja, akatuambia, "Lango nitalifungua mimi, waingie wote," na leo ndiye aliyeshika mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokataa kulala kitandani, majirani mliokesha nasi, kina mama wafinyanzi na wote mlioacha kibarua cha leo mkijua mnachohatarisha. Tutatoka kwa njia ya chini, polepole, wazee mbele, na mtu asirushe jiwe wala asikimbie, hata tukiona magari yao.

Shangazi, wewe sasa pumzika kwa amani, sisi tunakubeba.