Bwana Gershom Randu na Motokaa Aliyokataa Kuipaka Rangi

Jumamosi, tarehe 31 Disemba 1949, Bwana Gershom Randu anaiaga karakana yetu ya Changamwe baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitano. Ofisi inasema alitolewa katika chumba cha rangi kwa sababu macho yake yalidhoofika. Huo ni uongo, na sisi tuliofanya kazi naye hatukubali aagwe nao.

Alikuja kutoka Ribe akiwa kijana, akaanza kwa kukwangua kutu kwenye malori. Fundi wa zamani alipougua, Randu akashika brashi, na hakuna aliyetaka kumpokonya. Alikuwa mkali kwa habari ya vumbi. Aliyefagia kabla rangi haijakauka aliitwa majina yasiyofaa kuandikwa hapa, na hata kasisi wake, alipokuja kumjulia hali kwa baiskeli, aliombwa asubiri nje. Wakati wa vita, rangi mpya ilipoadimika, alichanganya mabaki ya makopo na malori yakatoka yanang'aa. Tulimcheka kwa ukali wake, na tulijivunia kazi yake.

Sasa tuseme lililotokea. Jumapili moja ya mwaka 1946, meneja wa wakati ule aliipeleka motokaa yake nyumbani kwa Randu, Jomvu. Madigadi ya mbele ilikuwa imebonyea na rangi imebanduka. Alisema amegonga mti, na hataki kuileta karakana watu wakaanza maneno. Alitaka ikamilike kabla ya Jumatatu, kisha akaondoka.

Randu akaanza kazi uani. Rangi ya motokaa ile ilikuwa buluu, lakini jua la pwani lilikuwa limeshaipausha, kwa hiyo buluu ya kopo ingeonekana kama kiraka. Akatia nyeupe kidogo, akatia tone la manjano, akapaka kwenye kipande cha bati na kungoja kikauke. Alikiweka juu ya boneti, akakitazama kivulini na juani, akaongeza tena. Mara ya tatu bati na boneti vikawa kitu kimoja. Kilichobaki kilikuwa kunyoosha bonyeo, kupiga msasa, kupaka na kusugua mpaka ing'ae, na msasa ulikuwa tayari mkononi mwake.

Hapo mkewe, Mama Mbeyu, akarudi kutoka kanisani. Alikuwa amepitia kwa jirani yao Nyamvula, mama anayeuza mihogo, ambaye jioni iliyotangulia aligongwa barabarani na kuachwa mtaroni, mguu umevunjika. Mbeyu alisimama akaitazama rangi iliyokuwa kwenye mkebe.

“Baba Margaret,” akasema, “motokaa iliyomgonga Nyamvula ilikuwa ya rangi hiyo unayoikoroga.”

Randu akainama kwenye madigadi. Katika mkunjo wa bati palikuwa na nyuzi za ukili, zilizokatika kwenye kikapu kama kile cha Nyamvula cha mihogo. Aliziacha zilipo. Akauweka msasa chini na kumwomba jirani mwingine akawaite polisi.

Meneja alifika kabla yao.

“Kwa nini hujamaliza?” akauliza.

“Rangi iko tayari, bwana. Nitaipaka polisi wakishaiona motokaa.”

“Motokaa ni yangu, Randu.”

“Ni yako, bwana. Mguu ni wa Nyamvula.”

Meneja alitaka kuingia aondoke nayo. Mbeyu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, Biblia mapajani, na hakushuka. Polisi walimkuta pale pale.

Mahakama ilimwona meneja na hatia, naye akahamishwa. Mguu wa Nyamvula uliunga vibaya. Hajaweza tena kubeba mzigo hadi sokoni. Na Randu, aliyefanya linalompasa kila mtu, alipewa ndoo na ufagio siku aliyorudi kazini. Kuanzia hapo aliosha magurudumu, mtu ambaye mikono yake ndiyo iliyoyapa malori yetu sura. Meneja mpya alipokuja, tulikwenda kumwomba amrudishe kwenye rangi. Alitujibu kwamba macho ya mzee ni mabovu, ndivyo alivyoambiwa, na mlango akaufunga.

Macho gani mabovu? Kila Jumamosi mchana, akitoka hapa na magoti yamelowa, Randu alipaka rangi magari ya majirani uani kwake. Kahaso, dereva wetu, aliambiwa atafute palipotengenezwa na Randu kwenye teksi ya shemeji yake. Alipapasa mlango mzima, akakata tamaa. Malori ya karakana hii nayo yanapita barabarani na mabaka ya rangi tatu, na mabwana wa ofisini hawaoni.

Hatukuandika haya ili kuiharibu sherehe. Sherehe iliharibiwa na walioshikilia kwa miaka mitatu sasa neno wanalolijua kuwa si la kweli. Chai ya leo imeandaliwa na wafanyakazi wenyewe, na Randu ataketi mbele.

Asante, Bwana Randu, kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa kuweka msasa chini siku ile. Nenda salama Jomvu, wewe na Mama Mbeyu. Tunawaombea afya, shamba lenye rutuba na wajukuu wengi. Pumzika kwa moyo mweupe. Hasira tuachie sisi.

Mwidani Boga, fundi wa bodi, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana