Silvana Beda Hakuugua kwa Muda Mfupi

Baba Paroko, wazee wetu, na nyote mliotoka Majengo, Mollo na Kate kuja kutusitiri, mimi ni Adolfu Beda, kaka wa marehemu, na karatasi niliyokabidhiwa na kikao cha familia ninayo mkononi, ila kuna mstari mmoja sitausoma kama ulivyoandikwa, atakayeudhika aniudhikie.

Marehemu Silvana Beda alizaliwa tarehe 3 Machi 1983 huko Mollo, mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Beda na mama Lucia, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1997, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, kisha akahitimu ufundi wa redio mwaka 2003, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, waliomcheka mpaka walipoanza kumletea redio zilizowashinda.

Mwaka 2005 alifungua kibanda cha fundi simu Majengo, na tarehe 16 Septemba 2006 alifunga ndoa na Ndugu Stephano Mbonile, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, wakajaliwa watoto wawili, Edith na Isdori.

Mwaka 2022 alifika kibandani mnunuzi mmoja, Bwana Gabriel, akamwonyesha kwamba bodi za simu mbovu zina dhahabu, akamfundisha kuzikata na kuziloweka kwenye tindikali aliyoileta katika madumu ya mafuta ya kula yasiyo na maandishi, ili ngozi nyembamba ya dhahabu ibanduke aje kuichukua. Hakumletea barakoa wala glavu, alimletea ushauri tu, kwamba akimaliza kazi anywe kikombe cha maziwa kutoa sumu, na sisi wote, waliosoma na wasiosoma, tukaitikia, kana kwamba moshi unaingia tumboni.

Mwanzoni alifanyia uani, lakini baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua, akahamia jikoni, na upepo ulipopenya huko pia, mimi seremala nikamtengenezea mlango ulioziba barabara, akanipa kuku wa shukrani, nikamla. Nina hasira na Gabriel, lakini ya mlango ule ni hasira yangu juu yangu mwenyewe.

Jumatano tarehe 11 Juni 2025 moshi wa kahawia ulijaa jikoni, akatoka akikohoa, akanywa maziwa, akalala, kesho yake akafungua kibanda akisema amepona, na jioni pumzi ikamkatika. Hospitalini daktari alituuliza amevuta nini, tukaumauma maneno kwa kuogopa kuitaja dhahabu, tusije tukaulizwa kibali, watu wazima na ndevu zetu, mpaka Edith aliposema kweli, na Jumamosi tarehe 14, saa mbili asubuhi, Silvana akafariki.

Kikao kimeniagiza nisome kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hapana. Alikohoa miaka mitatu mbele ya macho yetu, tukasema ni baridi. Moshi wa tindikali ndio uliomuua, na sisi tulijua anachokipika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake wa Majengo waliochimba kaburi bila kuombwa. Nanyi kina mama watano aliowafundisha kazi hii, nawaona mlipokaa, Bwana Afya wa kata yuko hapa na ameahidi kuyafuata madumu yenu tukitoka makaburini, mwonyesheni yalipo, msiyamwage mtoni, na msione aibu, maana aibu ndiyo iliyotuleta hapa.

Bwana Gabriel simshukuru. Jana, mwili wa dada yangu ukiwa bado mochwari, alimwandikia Edith ujumbe wa simu, akampa pole, na katika ujumbe huohuo akamuuliza kama ataendelea na kazi ya mama yake, ili amletee dumu jingine. Edith ana miaka kumi na saba. Ameniomba nimjibie mbele yenu nyote, na jibu ni hapana.

Silvana, ulipokuwa hai tulinyamaza, leo tumesema, lakini tumechelewa, hutusikii tena. Tusamehe, mdogo wangu, upumzike kwa amani.