Wanacheza, Hawachezwi: Mwalimu Dunstan Chilumba Anastaafu

Mwalimu Dunstan Chilumba anastaafu tarehe 31 Desemba 1958, baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha useremala na mazoezi ya viungo katika shule yetu ya bweni hapa Newala. Alizaliwa Chiwata, katika familia ya Kanisa, akapanda huku juu akiwa kijana mwenye sanduku la randa na patasi. Madawati mengi ya shule ni kazi ya mikono yake. Yanayoyumba, anasema, yalitengenezwa na wanafunzi.

Lakini anatajwa zaidi kwa jambo ambalo hakuajiriwa kulifanya.

Mwaka 1952 wavulana wa bweni walirudi kutoka likizo wakiwa wanyonge. Huko Chilangala walialikwa kwenye sherehe ya kuwapokea vijana waliotoka jandoni, na walipoingia uwanjani walicheza kama wako kwenye gwaride. Akina mama walicheka mpaka wakashikana. "Jamani, nani kawaamuru kushoto-kulia?" Wenzao waliobaki nyumbani walikuwa wamejifunza ngoma kwa wakubwa, jioni kwa jioni. Jioni za hawa zilikwenda kwenye vitabu. Wakamwomba Mwalimu awatafutie mtu wa kuwafundisha.

Alimwita Mzee Bwanali, mpiga ngoma wa Tandahimba. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kucheza, alisimama mstari wa nyuma pamoja na wavulana. Mzee Bwanali hakumpendelea: "Mwalimu, kiuno hicho umekipigia misumari?"

Kisha neno likaharibika njiani. Mtu mmoja alisema sokoni kwamba wavulana wa shule wanachezeshwa ngoma. Habari ilipofika vijijini, ilikuwa wavulana wanachezwa ngoma. Kwa watu wa huku tofauti hiyo si ndogo. Anayecheza yuko uwanjani anafurahi. Anayechezwa anapitishwa jandoni, na hakuna mwalimu mwenye ruhusa ya kumpitisha mtoto wa mwenzake. Bwana Nikolao, ambaye mwanawe Marko alikuwa katika darasa hilo la ngoma, alikuja na ndugu zake kumchukua. Kamati ya shule nayo ikakata shauri: darasa life, au Mwalimu aache kazi.

Mwalimu mkuu wa wakati huo alishauri njia nyepesi, darasa liendelee kwa jina la mazoezi ya viungo. Mwalimu Dunstan alikataa. Alisema wakilificha jina, kila mzazi ataamini kwamba kweli ni jando. Aliomba alasiri moja tu ya Jumamosi, uwanja wa mpira, wazazi na kamati wote waje watazame. Mkewe, Mama Cecilia, alikwisha kufunga vyombo vya jikoni, asingoje kuambiwa watoke nyumba ya shule.

Walikuja. Bwana Nikolao alikaa mbele, mikono kaikunja. Ngoma ilipokolea, mkewe alimgeukia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya kamati: "Baba Marko, si ndiyo hii uliyonichezea mpaka nikakubali kuolewa? Au na wewe siku ile ulikuwa unachezwa?"

Uwanja mzima ulicheka. Bwana Nikolao hakucheka. Aliinuka akaenda moja kwa moja kwa mwanawe, na wengi walidhani anamwondoa. Alimwambia mguu wake wa kushoto unachelewa, akamwonyesha. Mzee Bwanali hakuacha kupiga.

Kamati ilikutana pale pale, pembeni ya uwanja. Darasa likaruhusiwa kila Jumamosi, na kwenye ratiba likaandikwa kwa jina lake: Ngoma. Mama Cecilia akafungua vyombo.

Tangu hapo hakuna mvulana wa shule hii aliyechekwa uwanjani kwa kutojua kucheza, isipokuwa kwa uvivu wake mwenyewe. Waliopita darasa hilo leo ni walimu, makarani na wauguzi, Masasi hadi Lindi. Mwalimu bado hachezi vizuri, na Mzee Bwanali ameomba hilo liandikwe.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi na kwa msimamo. Wewe na Mama Cecilia mwende Chiwata salama, mkae kwa afya na amani, na mikorosho izae. Kuanzia Januari darasa la Jumamosi litafundishwa na Mwalimu Marko Nikolao. Wavulana wapya wamekwisha kujiandikisha, na baba zao wameuliza kama nao wanaruhusiwa.