Chupa ya Randa

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi lilitengenezwa na Randa, seremala, na tangu siku hiyo anajiona ana haki ya kukaa upande wa kivuli. Asubuhi ile kahawa ilikuwa inaelekea ukingoni, naye mawazo yalikuwa nyumbani, kwenye chupa ya mvinyo. Aliletewa na mteja wa kabati wiki ile mkewe aliporudi kutoka hospitali, kiharusi kimemlegeza upande mzima. Randa akaapa ataifungua siku mkewe akipona. Mwezi wa tisa huu tangu aape, na juzi kasikia eti mvinyo nao huharibika, akawaeleza wenzake wa benchini.

— Uliiweka wapi? aliuliza Fundi Bomba.

— Juu ya friji.

— Lo, bwana wee. Kule kuna joto na mtikisiko. Ulikuwa unaipika.

— Nimeshaitoa. Nimeichongea sanduku, nimeilaza chini ya kitanda, gizani.

— Hapo sawa. Ikilala kizibo hakikauki. Kikikauka hewa inaingia, na haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha hewa? alidakia Kinyozi, ambaye hajaonja kileo tangu azaliwe, ndiyo maana ana hakika kuliko wote. Isimamishwe. Ukiizoesha kulala, itaamka lini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mimi ningeifunga kamba shingoni, nikaitumbukiza kwenye tangi la maji, alisema Fundi Bomba.

— Ikipasuka, mtaa mzima uoge mvinyo? alisema Kinyozi. Sikilizeni. Mvinyo una masikio. Nyumba ya ugomvi, unachacha. Randa, mnagombana?

— Kwenye mazoezi tu. Namwambia atembee nyumba tano, yeye anaishia ya tatu.

— Basi imeshachacha.

Randa alicheka nao. Hakuwa na uchu wa mvinyo. Aliogopa chupa isije ikaharibika kabla siku haijafika, halafu na siku yenyewe isifike.

Alipoinua macho akamwona mkewe. Alikuwa anakuja polepole, kiganja kimoja ukutani, chupa kwapani. Fimbo yake ya kutembelea hana.

— Shemeji, karibu, alisema Kinyozi, akainuka kumpisha.

— Asante, shemeji. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda, nikakuta kisanduku.

— Umeinama? aliuliza Randa.

— Nimeinama, baba watoto, na nimeinuka. Haya, niambieni nyie mabingwa: mnaitunza mpaka siku gani?

Fundi Bomba alichungulia kikombe chake. Kinyozi alitafuta methali, akaikosa. Randa alitazama ndala za mkewe, zote mbili zina vumbi. Kutoka kwao mpaka pale ni nyumba kumi na moja.

Akatoa skrubu mfukoni, akaizungusha ndani ya kizibo, akavuta kwa koleo. Birika la kahawa lilikuwa tupu, kwa hiyo vikombe vikasuuzwa, mkewe akamimina. Kinyozi naye akashika chake, kikavu, kwa heshima ya shemeji.

Fundi Bomba alionja, uso ukamkunjamana.

— Randa, ndugu yangu, hii ni siki.

Ilikuwa siki kweli. Mkewe alikuwa ameshaketi, akihema, akicheka, bega lake limemgusa mumewe. Randa alimshukuru Mungu kwa sauti, bila kuona haya, akamaliza kikombe chote, akakinyoosha tena kwa mkewe.

— Niongeze, mama.