Kiini Kinachotoa Amri

Bibi mmoja alikuwa anarudi kutoka kliniki ya macho, hoi, hataki kusikia la mtu. Lakini wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakuwa na habari naye.

Binti mwenye sare ya chuo cha uuguzi alisoma daftari lake kwa sauti ya chini: "Kiini huongoza kazi zote za seli."

"Kiini hakiongozi kitu, mwanangu," alisema muuza mayai aliyepakata trei kando yake. "Ni chakula cha kifaranga."

"Hicho ni cha yai, mama. Hiki ni cha seli."

"Neno moja mnalitwisha kazi mbili, halafu mnashangaa watoto wanafeli."

Binti akafunga daftari. "Mwaka jana niliandika hivyo hivyo, kwamba kiini ni chakula. Leo narudia mtihani. Nikianguka tena, chuo basi."

Muuza mayai akamgeukia. "Hicho chako kinakaa wapi?"

"Ndani ya seli. Kazi yake kutoa amri."

"Kama baba mkwe wangu. Alikaa katikati ya nyumba, akamwamuru mpaka paka."

Binti akacheka kwa uchovu. Basi likasimama. Bibi akamwona muuza mayai akiinua trei juu ya kichwa ili binti apite, na bado anabisha: "Lakini kiini chenyewe ni hiki changu."

Binti alishuka huku midomo ikimcheza: "Baba mkwe, amri. Baba mkwe, amri."