Mtoto Aliyerukwa Siku ya Kuanua Matanga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye ugali motoni auepue kwanza, maana habari ya leo sitaki uisikie nusunusu. Leo tunamkumbuka Joanitha Kokwijuka. Wengi wenu wa Mwandiga, Bangwe na Ujiji hamkumjua kwa jina hilo. Mlimwita Bibi Maendeleo, na mliendelea kumwita hivyo hata baada ya kustaafu. Amefariki nyumbani kwake Katubuka, na amezikwa kwao Kamachumu, mkoani Kagera.

Mtu akifa tunasema alikuwa mpole. Joanitha hakuwa mpole, nisiwadanganye. Alikuwa na ulimi mkali. Ukimnyima yatima chakula, yeye akajua, basi mtaa mzima ungejua kabla ya jioni. Lakini kuna siku moja ulimi huo ulimkwama mbele za watu, na maisha ya mtoto yalikuwa yanamtegemea. Siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Alifika Kigoma mwaka tisini na nne, kwa treni kutoka Tabora, akiwa na binti mchanga mgongoni. Binti huyo ndiye Diana, na mengi ninayowaambia leo ametuambia Diana. Serikali ilimleta Joanitha kama bibi maendeleo, yaani afisa wa maendeleo ya jamii. Yeye mwenyewe alileta kitu kingine. Alileta alichokiona kwao. Alikuwa amezika dada zake wawili na kaka yake kwa ukimwi. Alizijua nyumba ambazo watu wazima wote wameisha, wamebaki watoto, na mkubwa wao bado anasoma shule ya msingi.

Alipoanza kuzungumzia ugonjwa huo hapa, watu walimtazama vibaya. Walinong'ona kwamba watu wa Bukoba, huko kwao Joanitha, ndio wameuleta, na sasa wamemtuma huyu kuuhesabu. Aliyasikia hayo sokoni, akacheka, akanunua dagaa wake akaondoka. Nyumbani hakucheka. Diana anasema mama yake alijifunza Kiha kwa hasira, ili siku moja awajibu kwa lugha yao. Lakini alipokijua vizuri, alikitumia kusalimia wazee. Alikuwa akipiga makofi taratibu, akiwaambia "mwakeye," na wazee wakalainika.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mnaikumbuka. Mitumbwi ilishusha watu Kibirizi kila uchao, wengine wakiwa na nguo za mwilini tu. Kambi zikajaa. Halafu, kuelekea mwaka tisini na nane, ikatoka amri kwamba kila mkimbizi anayeishi nje ya kambi akusanywe, apelekwe kambini. Waliguswa hata waliokuja miaka ya sabini, waliokwisha kuolewa huku na kuzaa huku. Lori lilikuwa likisimama barabarani, mtu anaulizwa yeye ni wa nani. Asiye na ukoo wa kumsemea alipanda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Pale Mwandiga palikuwa na fundi seremala, Feliksi. Mkewe alikuwa Marcelina, aliyevushwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, mwaka sabini na mbili. Walizaa mtoto mmoja, Dainess. Marcelina akafa. Mwaka haujaisha, Feliksi naye akafa. Wote wawili walikonda, wakaharisha, wakazimika, na hakuna aliyeuliza ni nini kwa sababu kila mtu alishajua. Dainess akabaki. Alikuwa na miaka saba, ana vidonda kichwani na tezi shingoni, na watu walishajua hilo pia.

Siku moja kabla ya kuanua matanga ya Feliksi, dada wa marehemu alimfuata Joanitha ofisini. Huyo dada ni Agnesi, shangazi yake Dainess. Hakukaa kitini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho wanamruka mtoto.

Joanitha hakuelewa. Agnesi akamweleza. Katika ukoo wao, siku ya kuanua matanga, wafiwa wa damu hunyolewa nywele. Anayenyoa lazima awe mtu wa ukoo. Ukinyolewa, wewe ni wa nyumba ile. Ukiachwa na nywele zako, wewe ni mgeni uliyekuja kula msibani. Nairudia, wasikilizaji wapendwa, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Aliyenyolewa ni wa nyumba. Aliyerukwa si wa nyumba. Na mtoto wa mama wa Kirundi, akiwa si wa nyumba ya baba yake, wiki ile lori lilikuwa linamngoja.

Mnaweza kusema, si angepelekwa tu kambini, huko kuna hospitali? Hebu fikirini. Mtoto wa miaka saba, mgonjwa, hana mtu hata mmoja anayemjua, miongoni mwa maelfu. Nani angeamka naye akiharisha? Joanitha alijua jibu. Usiku huo hakula.

Asubuhi alikwenda. Alipoingia uani alikuta wafiwa wamepanga mstari wakiwa wamekaa chini, na mnyoaji alikuwa Mzee Leodgar, mkubwa wa ukoo. Joanitha akaona kitu kikamfurahisha. Karibu kila aliyekaa kwenye mstari alikuwa ameshika wembe wake mpya, bado uko kwenye karatasi. Zamani walikuwa wakinyolewa wote kwa wembe mmoja. Miezi michache nyuma yeye mwenyewe alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akainua wembe juu, akawaambia ugonjwa unakaa kwenye damu, na wembe unabeba damu. Alilisema mara tatu. Alitaka waogope, na kweli waliogopa. Sasa akaona somo limeshika, moyo ukampanda.

Moyo huo ulishuka upesi. Mzee Leodgar alinyoa mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Dainess, akapita, akaenda kwa anayefuata.

Dainess alikuwa ameinamisha kichwa tayari. Aliendelea kukiinamisha. Alidhani zamu yake bado.

Joanitha akasimama akauliza mbona mtoto wa marehemu ameachwa. Aliyemjibu ni Bonaventura, kaka mkubwa wa Feliksi, msemaji wa familia. Wala hakupandisha sauti.

"Bibi Maendeleo, ulisimama kijijini hapa ukatufundisha kwamba ugonjwa uko kwenye damu," alisema. "Mzee wetu mikono inatetemeka. Akimkata huyu, damu imwagike, nani atapona? Sisi tumekutii wewe."

Jamani. Diana anasema mama yake alisimulia mambo mengi maishani mwake, lakini kila alipofika hapo aliinuka akatafuta kazi ya kufanya. Alitafuta neno, na neno halikuja. Wale watu hawakuwa wakimdhihaki, walikuwa wamemsikiliza kweli. Alichowafundisha kiwaokoe wote, wamekichukua wamemfukuzia mtoto.

Na pale barabarani, chini ya michikichi, mtendaji wa kijiji alikuwa amekwisha kuja na mgambo wawili. Walikuwa wamekaa wanangoja shughuli iishe, kwa heshima ya msiba.

Dainess hakupewa wembe, kwa hiyo Joanitha akatoa mpya mkobani. Akamwomba Mzee Leodgar kwa adabu zote. Mzee akatazama mikono yake, akasema hawezi, na machozi yakamlengalenga. Joanitha akawageukia baba wadogo na binamu wa mtoto. Kila mmoja akatazama pembeni. Akataka kumnyoa mwenyewe, tayari amekwisha kupiga goti, lakini Agnesi akamtikisia kichwa. Mkono wa mtu wa Bukoba usingemfanya mtoto kuwa wa pale. Ungekuwa kazi bure.

Hapo ndipo Joanitha alisema maneno ambayo watu wa Mwandiga wanayakumbuka hadi leo.

"Niliwafundisha nusu," alisema. "Niliwaambia ugonjwa unakopita, sikuwaambia usikopita. Kosa ni langu. Msimlipishe mtoto."

Yule mtendaji alikuwa amesimama sasa, anajikung'uta suruali.

Joanitha akamgeukia Agnesi. Agnesi alikuwa na watoto wake wanne, na mumewe alikuwa amemwonya asithubutu kumgusa mtoto yule. Joanitha alilijua hilo, na alijua anachomwomba. Akamuuliza ni nani aliyemwogesha Feliksi miezi yote ile alipokuwa hawezi kuinuka. Agnesi akasema ni yeye. Akamuuliza kama ameugua. Akasema hapana.

"Nionyeshe vidole vyako. Una kidonda?"

"Sina."

Akamwekea wembe kiganjani.

Agnesi alikaa na wembe ule mkononi. Sijui kwa muda gani, na waliokuwepo kila mmoja anasema lake. Halafu akapiga magoti nyuma ya mtoto, akamlowesha nywele kwa maji na sabuni, akaanza. Alipita pembeni ya vidonda, polepole, kama anayemenya yai la moto. Nywele zikawa zinaanguka begani kwa Dainess.

Alikuwa karibu kumaliza. Nyuma ya sikio, wembe ukakwaruza. Tone la damu likatoka.

Watu wakarudi nyuma, mtu mmoja akaangusha kigoda. Agnesi akaganda, mkono juu. Dainess akauliza kwa sauti ndogo kama amefanya kosa.

Joanitha hakumsogelea. Alijua akimnyang'anya Agnesi kazi ile, yote yamevunjika. Akasema kwa sauti ya mwalimu, wote wasikie, kwamba tone la nje haliingii kwenye ngozi isiyo na jeraha. Akamwambia Agnesi akunje kitambaa safi, abonyeze, kisha anawe kwa sabuni, aendelee. Agnesi akabonyeza. Akanawa. Akamaliza kichwa chote, akakifuta, akakipaka mafuta ya mawese kama desturi yao ilivyo.

Mtendaji akaingia uani. Akatoa pole ya msiba, kama inavyopasa. Halafu akamnyooshea Dainess kidole, akamuuliza Bonaventura mtoto huyu ni wa nani.

Bonaventura akamtazama mtoto, kichwa kinang'aa sawa na vya wenzake wote.

"Wa kwetu," akasema.

Msije mkadhani aliguswa moyo. Tulimuuliza mwenyewe, mzee sasa, na alitucheka. "Ningesema nini? Amekwisha kunyolewa mbele ya watu. Ningeonekana mwendawazimu," alituambia. Siku ile alisema kwa kuogopa aibu. Lakini alisema, na mtendaji akaondoka na mgambo wake, na lori likaenda bila Dainess.

Dainess alilelewa na Agnesi. Mume wa Agnesi alinuna mwezi mzima, kisha njaa ikamrudisha mezani. Joanitha alikuwa akienda kila wiki kwa baiskeli, na sabuni na unga wa lishe, akipiga kelele tangu barabarani kuuliza kama mtoto amekula. Na tangu siku ile hakuanza tena somo lake kwa damu. Alikuwa akifika mkutanoni, anaomba mtoto mwenye virusi aje akae naye, wanakula sahani moja mbele ya watu wote, na akimaliza kunawa ndipo anaanza kuzungumza. Watoto wengi wa wilaya zetu walirudishwa mezani kwa namna hiyo. Walimu waliowatenga darasani wanajua alichowafanya, sitawataja.

Natamani niwaambie Dainess yupo hai. Hayupo. Alikufa mwaka elfu mbili, dawa za kurefusha maisha zikiwa bado hazijatufikia. Zilipofika, miaka michache baadaye, Joanitha alipanga foleni hospitalini na watoto kumi wa wenzake kwa mpigo, akawa analia mbele ya wauguzi bila kuona haya. Kwa Dainess alichelewa, na hakuacha kuumia.

Lakini Dainess alifia kitandani kwa shangazi yake, ameshikwa mkono. Watu walipokuja msibani wakauliza mfiwa mkuu ni nani wampe pole, Bonaventura alisimama akasema ni yeye. Safari hii hakuna mtendaji aliyekuwa anamsikiliza.

Tulimuuliza Agnesi nini kilitokea katika ile miaka miwili, tangu siku ya kunyoa hadi msiba wa Dainess. Akatujibu hivi: "Joanitha alituomba tumnyoe tu. Hakutuomba tumpende. Hilo lilikuja lenyewe, kwa kumwogesha kila siku."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Diana na wanawe, pale Katubuka. Tunatoa pole kwa ndugu wote wa Kamachumu. Pole kwa watoto wa Joanitha ambao hakuwazaa, mlio wazima leo kwa dawa, mnaotusikiliza mkiwa kazini na majumbani kwenu. Tafakarini usiku huu, kila mmoja na nyumba yake, kama kuna aliyekaa kwenye mstari, ameinamisha kichwa, na nyinyi mnampita mkijiambia mnafuata mafundisho.

Na kuna pole moja zaidi. Jana Mzee Bonaventura alipiga simu hapa studio. Aliuliza kama tutasoma majina ya wafiwa. Tukamwambia ndiyo, tunasoma ya familia. Akasema basi na la kwake tulisome. Mzee Bonaventura wa Mwandiga, pole sana kwa kufiwa.