Ufunguo wa Mbao wa Jumba la Delwick

Mheshimiwa Meya Roelofs, Mchungaji Ten Haaf, Bwana Strand meneja wa jumba hili la Delwick, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa Nieuwkerk mliokuja kwa ajili ya soseji za bure:

Mimi ni Wiebe Postma, nina miaka themanini na minne. Nimeizika tramu iliyokuwa ikitupeleka ziwani, nimeizika benki iliyomeza akiba za watu, nimewazika wake wawili wazuri na daktari aliyeniambia niache sigara. Kanisa letu limegawanyika mara mbili nikiwa nimekalia benchi lilelile. Walionuna wakahama, mimi nikabaki na peremende zangu. Shule nilikaa miaka mitatu, ikanitosha. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe kwa penseli, kwa hiyo mkiona nimesita, mjue nimekutana na herufi yangu nisiyoitambua.

Kazi yangu mnaijua. Nani hapa analala nyuma ya kitasa ambacho sikukitia mimi? Mlango wa kanisa ni wangu. Mlango wa Mheshimiwa Meya ni wangu, na mlango wa nyuma anaoutumia akichelewa, huo pia ni wangu. Mwizi mmoja kutoka Muskegon alihangaika na kitasa changu pale kwa mwokaji mikate mpaka polisi wakamwonea huruma wakamletea kahawa. Fundi wa vitasa kama mimi hajazaliwa tena katika Michigan hii, nami sioni dalili kwamba atazaliwa.

Sasa nimeombwa nisifu jumba hili la biashara linalofunguliwa leo. Nalisifu. Ni kubwa. Chini ya paa moja mtu anapata nyama ya kusaga, tairi la gari, samaki wa rangi wa kuogelea ndani ya chupa, godoro, na rangi ya kupaka ghala. Je, tumewahi kuona kitu kama hiki? Hatujawahi. Je, tulikuwa tunakilia kitu kama hiki? Hapo ndipo ninapoanza kujikuna kichwa.

Jana nilipitishwa ndani pamoja na wazee wengine. Nikatafuta dirisha, sikuliona. Nikatafuta saa ukutani, duka linalouza saa za kila aina, ukutani hakuna hata moja. Maziwa, ambayo kila nyumba inayahitaji, yamewekwa mwisho kabisa, ng'ambo ya mablanketi na ndoano za samaki. Kwa nini? Wazee tuliruhusiwa kununua kabla ya ufunguzi, na jirani yangu Albertus aliingia kununua kitunguu. Alitoka na fimbo ya kuvulia samaki. Nikamwambia, "Albertus, wewe unaogopa hata maji ya beseni!" Akanijibu, "Najua, Wiebe, lakini ilikuwa njiani." Na kitunguu alikisahau.

Mnacheka. Chekeni, mimi pia nilicheka. Lakini duka linalomfanya Albertus anunue fimbo ni duka la kuliangalia kwa jicho moja wazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana Mchungaji anatazama saa yake, na ni vizuri kwamba angalau yeye anayo.

Majira ya baridi yaliyopita watu wa Delwick walikuja kuomba kibali chetu cha kujenga hapa. Tuliwapokea katika chumba cha chini cha kanisa, Bi Fenna Kuiper akamimina kahawa, akakata keki. Nilisimama mimi, nikauliza swali moja tu: "Na Jumapili?" Bwana Strand akaweka kikombe chini, akasema, "Mzee Postma, Jumapili milango yetu itafungwa kama milango yenu." Akanipa mkono. Kwetu mkono uliotolewa juu ya kahawa ya kanisa ni kiapo. Hakuna aliyemwambia aandike. Tungeona aibu, ingekuwa kama kumwita mgeni mwongo huku ameshika keki yetu.

Jumapili yetu mnaijua. Viazi humenywa Jumamosi. Mashine ya kukatia nyasi hulala. Mtu akianika nguo hata soksi moja, mtaa mzima huzungumzia soksi hiyo mpaka Krismasi. Wengine hutuona vichekesho. Sawa. Lakini ni siku pekee ambayo hakuna mtu anayeweza kumwambia mwenziwe, "Njoo kazini."

Basi mwezi uliopita nikaja hapa kujitolea kazi. Nikamwambia msimamizi wa ujenzi, mtu wa Detroit, "Vitasa vya milango hii mikubwa ya mbele nitavitia mimi." Akanitazama kama mtu anayetazama farasi barabarani. "Vitasa gani, babu? Mlango huu ukikanyaga zulia unafunguka wenyewe."

"Nimeona," nikasema. "Na wa kuufunga?"

"Michoro haina kitasa. Hakuna aliyeagiza kitasa."

Nikainama, magoti yakalia, nikaupapasa mlango mzima kutoka juu hadi chini. Hauna tundu la ufunguo. Hauna komeo. Hauna hata mahali pa komeo.

Ndugu zangu, mtu anayejenga nyumba bila jiko, anakusudia kupika?

Ninaye binti, Jantina, mnamfahamu. Duka lake la vitambaa pale barabara kuu alilifunga wakati wa masika, kwa sababu alijua hapa vitambaa vitauzwa kando ya mayai. Sasa ni keshia wa jumba hili. Ana watoto, anaihitaji kazi hii, simlaumu. Siku ya kuajiriwa aliulizwa, "Mama, Jumapili una shughuli gani?" Akajibu, "Nina Mungu, nina baba, nina viazi." Wakacheka, wakamwambia, "Haya, tutaona."

Tutaona! Ikiwa Jumapili milango imefungwa, kuna nini cha kuona?

Nilimwambia, "Wakikuita Jumapili, ukatae." Akasema, "Baba, nikikataa Jumapili, Jumatatu nitaenda wapi? Duka langu liko wapi?" Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikachukua kisu nikamenya viazi.

Leo nimepewa ufunguo huu nimkabidhi Bwana Strand mbele yenu. Utazameni. Mrefu kama mkono wangu, umepakwa rangi ya dhahabu. Ni wa mbao. Hauna meno. Ninyi mmenialika mimi, Wiebe Postma, nimkabidhi mtu ufunguo usio na meno wa mlango usio na kitasa, na nitabasamu picha ipigwe?

Sitaukabidhi. Bado.

Ndani ya boksi hili nimeleta kitasa cha shaba, kizuri kuliko kile cha benki. Keekee na patasi ziko kwenye gari la Albertus, chini ya fimbo yake. Kazi ni bure. Bwana Strand, sitaki unijibu kwa maneno, maneno ulinipa wakati wa keki. Nikishuka hapa naenda moja kwa moja kwenye mlango wako. Ukinipisha nikatoboa, nitakuwa nimekuelewa, na ufunguo huu utakuwa wako. Ukisimama mbele ya mlango, nitakuwa nimekuelewa vilevile, na mji wote pamoja nami.

Namshukuru Meya kwa kipaza sauti, ambacho najua anajuta kunipa. Nawashukuru ninyi nyote kwa kuniazima masikio yenu huku soseji zikipoa.

Na asiyeamini niliyosema kuhusu ule mkono amwulize Mchungaji Ten Haaf, aliyekuwa ameketi kati yetu. Amwulize Bi Fenna, aliyekuwa na birika mkononi. Kuhusu Jumapili amwulize Jantina, yule pale meza ya tatu, ambaye tangu nianze amekuwa akinipungia mkono niketi, na sasa ameacha kupunga.

Albertus, lete keekee.